Mizabibu ya ami: shamba zuri, pahala pabaya

Kisa hichi kimeanzia kwenye picha. Aprili 2022 ami yangu, mdogo wake baba, kanitumia wasap picha saba za majani ya mzabibu na voisi ya dakika nne, dakika mbili za mwanzo salamu tu, watoto hawajambo, mama yao hajambo, hapo Unguja mvua vipi, halafu ndo anashusha pumzi anasema "mwanangu, mizabibu yangu imetiwa jicho."

Nikazifungua picha moja moja. Juu ya jani kuna mabaka ya njano, kama mtu kadondosha mafuta ya kupikia kwenye karatasi. Kageuza jani, chini yake pale pale penye baka pana utando mweupe wenye manyoya manyoya. Picha ya mwisho ni vichala vya maua vimekauka vyeusi, na kidole cha ami pembeni kinaonyesha vinavopukutika. Miche 120, hakuna kichala hata kimoja kilichosimama.

Jicho halikuwepo. Ule ni ubwiri vinyoya, ugonjwa mkongwe wa mizabibu, asili yake Marekani, ukavuka ukaingia Ulaya miaka ya 1870 na kuwalaza njaa wakulima wa Ufaransa. Dawa yake inajulikana, nitaisema huko mbele, ila sikutaka kumwambia ami "nunua dawa flani" afu yaishe. Nilivozidi kuuliza maswali nikaona tatizo si dawa. Tatizo lilianza siku aliyochagua pa kupanda, na siku aliyochagua lini apogoe. Mambo mawili tu, na yote mawili aliyafanya kwa akili nzuri kabisa.

Ami kakaa Dodoma miaka 11, na duka lake la vitambaa. Kule zabibu unazikuta barabarani kwenye ndoo, watu wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na tena mwezi wa nane hadi wa tisa. Jirani yake alikuwa na shamba, akawa anakwenda kumsaidia kupogoa siku za mapumziko. Aliporudi Pemba kaja na fungu la vipando, zile nyekundu wanazoita Makutupora na nyengine nyeupe asizozijua jina, kazikunja kwenye gunia bichi ndani ya begi la nguo. (Hapa sikumsifu. Vipando vya kutoka bara ni vitu vya kukaguliwa, ndani ya kijiti kikavu kama kile unaweza kuleta ugonjwa ambao kisiwa hakiujui. Msimuige.)

Ana ardhi mahala patatu. Bonde chini ya nyumba yake upande wa Ole, udongo mweusi kinamo, mtu akitupa kokwa leo kesho kuna mti. Ubavu wa kilima juu ya nyumba, udongo mwekundu wenye kichanga, umepandwa muhogo na juu yake mikarafuu ya urithi. Na konde la upande wa mkewe huko Micheweni, uwanda mtupu, mawe na vichaka. Unadhani kapanda wapi? Bondeni. Kila mtu alimsifu, na mizabibu yenyewe ilimsifu, mwaka wa kwanza ilipanda kama maboga, akaitengenezea chanja la miti, majani yakafunga juu mpaka chini yake kiza, watoto wakawa wanachezea pale mchana kwa baridi.

Mzabibu ukishiba unasahau kuzaa. Udongo mnono na maji mengi unakupa majani na kamba ndefu (ndo matawi yake), na majani mengi yanafanya kiza, na kiza ndio nyumba ya fangasi. Hilo la kwanza.

Nilikwenda mwenyewe Julai, sikukuu ya Mfunguo Tatu. Siku ya pili baada ya sala ya alfajiri nikamwambia ami twende na kitambaa cheupe. Akacheka, kitambaa cha nini. Tukashuka bondeni saa kumi na mbili na nusu, ukungu umelala juu ya mizabibu kama shuka, huoni mwisho wa shamba. Nikapangusa jani moja, kitambaa kikalowa ungesema nimekichovya. Tukapanda ubavuni kwenye muhogo, nako umande upo, kitambaa kikalowa vile vile. Ami akaniangalia, yaani sasa tofauti iko wapi? Nikamwambia tunywe chai afu turudi.

Tukawa tunazunguka kila nusu saa, kupangusa bondeni, kupanda, kupangusa ubavuni. Ubavu ule unatazama matlai, jua likichomoza tu linaupiga, na upepo unapita. Saa mbili na robo kitambaa kilitoka kikavu. Bondeni jua lenyewe halikufika mpaka saa tatu kwa sababu kilima na mikarafuu ya jirani vimelikinga, na majani ya ndani ya lile chanja yalikauka saa nne na nusu. Ami alisimama pale na kitambaa mkononi, hakusema kitu muda mrefu, baadae akasema "masaa mawili na zaidi."

Na masaa mawili ndo yote yaliyopo. Ubwiri vinyoya unatoa mbegu zake usiku, kwenye kiza na unyevu mwingi, asubuhi mbegu zikiangukia jani lenye maji zinaogelea (kweli zinaogelea, zina mikia) mpaka kwenye matundu ya jani linapopumulia, zinaingia. Kwenye joto letu masaa mawili matatu ya maji juu ya jani yanazitosha. Jani likiwahi kukauka zinakufa juani. Kwa hiyo watu wanaponiuliza udongo gani mzuri kwa zabibu mimi sikuhizi nawauliza, shambani kwako jani linakauka saa ngapi? Dodoma swali hilo hawana haja nalo, wako juu mita 1,100 hivi na mvua yao haifiki milimita 600 kwa mwaka. Sisi Pemba kilima kirefu hakifiki mita 150, tumezungukwa na bahari, na mvua inapita 1,500. Ule mmea ule ule, jirani yule yule aliyemfundisha, ila hewa si ile.

Udongo tuliupima pia, sikudharau. Tukachimba shimo la mita moja bondeni, hatukufika mita, kwenye sentimita 60 maji yakaanza kutoka chini yenyewe. Mizizi ya mzabibu haitaki kukaa kwenye maji, inaoza. Ubavuni tukachimba, tukamimina ndoo mbili, dakika 25 yamezama. Safi.

Sasa Micheweni. Hapa palikuwa na ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa haki. Ami kasema kama tatizo ni unyevu basi uwanda ndio pakavu kuliko kote, upepo hauishi, na rafiki yake mmoja kamwambia Ufaransa zabibu nzuri zinapandwa kwenye ardhi ya chokaa. Ni kweli, Champagne na Burgundy ni ardhi za chokaa, hakudanganywa. Lakini ile chokaa ya Champagne ni laini, inafyonza maji na kuyaweka, mizizi inashuka ndani mita kadhaa. Sisi kule ni jiwe la matumbawe, gumu, jembe lilitoa cheche kwenye sentimita 30. Tungeweza kuchimba mashimo ya mitarimbo na kuyajaza udongo, watu wanafanya hivo kwa mipapai. Kilichoniondoa Micheweni ni kisima. Nikayaonja maji yake, yana chumvi ya kuyahisi ulimini. Mzabibu hauvumilii chumvi sana, ukiumwagilia maji yale miezi ya kiangazi majani yanaungua kingo, kahawia kuanzia ukingoni kuingia ndani, na mwaka wa pili unadumaa. Na kusi linavovuma linaleta rasharasha ya bahari juu yake. Kama kungekuwa na tangi la maji ya mvua pengine ningekubali kujaribu miche kumi. Hakuna.

Ikabaki ubavuni, na ubavuni pana mikarafuu. Mkarafuu hukati ovyo, kuna sheria yake, na hata isingekuwepo ami asingekubali, ile kapanda babu yake. Tukahesabu kivuli badala yake: tukaweka vijiti pale kivuli cha mikarafuu kinapoishia saa mbili asubuhi na tena saa tisa mchana, tukaacha sehemu yote ya ndani ya vijiti. Konde likapungua karibu nusu. Ikatutosha miche 60, mita 3 baina ya mistari na mita 2 baina ya miche, mistari ikishuka na upepo usije ukaukinga.

Vipando tulichukua kule kule bondeni, kutoka miche iliyoumwa kidogo kuliko yote. Sipendi hilo, ningepata miche safi ningechukua. Na hapa niseme: ningekuwa naanza upya kabisa ningetafuta mbegu ya Isabella, ile yenye damu ya mizabibu ya Marekani, inayohimili unyevu kuliko hizi za Ulaya, nchi nyingi za joto wanaipanda majumbani. Ami kawahi kuionja, anasema ina ladha ya mwituni. Haya, shamba lake.

Chanja tuliliacha. Tukasimamisha nguzo za mivinje na kipande cha mti juu kama herufi T, kimo cha mita moja na nusu na kidogo, waya mbili pembeni, kamba zinaning'inia huku na huku na katikati hewa inapita. Ukisimama mwisho wa mstari unaona mwisho wa pili kupitia ndani ya majani. Ami alikuwa hapendi, anasema mti uko uchi. Uwe uchi.

Sasa kalenda, na hapa ndipo nilipojifunza mwenyewe, mana chuoni Kizimbani nilisoma kilimo lakini mizabibu hatukuigusa. Kwenye nchi za baridi mzabibu unalala wenyewe wakati wa theluji, ukiamka unazaa. Kwetu haulali, uko kijani mwaka mzima, wewe ndo unauamsha kwa mkasi. Ukikata leo, macho (yale machipukizi ya kwenye kamba) yanafumuka baada ya wiki moja mbili, maua baada ya mwezi na kitu, zabibu zinaiva kama miezi minne tangu kukata. Kwa hiyo siku ya mkasi ndiyo inayochagua maua yataangukia mvua gani. Ami alikuwa anakata Machi na tena Oktoba, sawa sawa na alivomuona jirani yake. Hesabuni: Machi, maua yanatoka katikati ya masika. Oktoba, maua yanatoka Novemba ndani ya vuli. Kayapeleka maua yote ya mwaka mvuani kwa mkono wake.

Tukakaa na karatasi. Tunataka maua na zabibu zikae kwenye kipupwe, Julai mpaka Septemba, mchoo unanyesha kidogo kidogo lakini si masika. Basi kata mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni masika ikishachoka, maua katikati ya Julai, mavuno mwisho wa Septemba kabla ya vuli kushuka. Mavuno ya pili tuyasahau. Ami aliumia hapo, Dodoma mara mbili na sisi mara moja? Nikamwambia India nako, Nashik, kwenye zabibu nyingi, wanakata mara mbili na kuvuna mara moja, kata ya kwanza ni ya kutengeneza kamba tu. Na sababu yake ni hii: jicho likiwa na matunda au tupu, linaamuliwa miezi kadhaa kabla, wakati kamba ikiwa changa, na linaamuliwa na jua. Kamba iliyokulia kwenye jua macho yake yana vichala ndani, iliyokulia kizani ina majani. Kwa hiyo kata ya kutengeneza kamba tukaiweka mwanzo wa Disemba, vuli ikianza kupungua, ili kamba changa zikutane na jua la kaskazi Januari na Februari. Jua lile ambalo sote tunalilalamikia ndilo linaloweka zabibu za Septemba. Masika kazi inakuwa kuyalinda majani yasianguke tu.

Kuyalinda, ndo dawa sasa. Mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa. Ami alipenda hadithi yake: kule Bordeaux wakulima walikuwa wanapaka mrututu na chokaa mizabibu ya kando ya njia, rangi ya buluu ya kutisha, wapita njia wasiibe zabibu. Profesa mmoja, Millardet, akaona mizabibu iliyopakwa dhidi ya wezi ndiyo haijaumwa, akaifanyia kazi na mwaka 1885 akaitangaza. "Wezi wametufaa," kasema ami. Bomba la lita 15 tunatia gramu 150 za mrututu na gramu 150 za chokaa iliyokwisha kuzimwa, kila kimoja kinakorogwa mbali kwenye ndoo ya plastiki, ya bati hapana, afu mrututu unamiminwa kwenye chokaa taratibu. Kabla ya kupiga unazamisha msumari safi wa chuma dakika chache, ukitoka na rangi ya shaba dawa bado ni kali itaunguza majani, ongeza chokaa. Inapigwa kabla ugonjwa haujaingia, ikishaingia haiponyeshi. Na usipige kila unaposikia radi, shaba haiozi, inabaki kwenye udongo wako miaka na miaka. Sisi tulipiga zaidi Aprili na Mei, kipupwe mara mbili tatu tu.

Kulikuwa na jengine sikulitegemea. Februari 2024 majani yakawa na unga mweupe juu, kavu, kama kanyunyiziwa poda. Ami akapiga simu kwa furaha kidogo, "si ulisema ubavuni hapaugui!" Huo ni ubwiri unga, ndugu mwengine kabisa, hauhitaji maji juu ya jani, unapenda ukavu na kivuli. Ulianzia kwenye miche minne iliyo karibu na vijiti vya kivuli. Salfa, jioni, mana ukiipiga kwenye jua kali la kaskazi inaunguza. Na kupunguza majani.

Urefu wa kukata nao ulitusumbua. Ami anajua kuacha macho mawili, ndivo alivofundishwa. Mei 2024 nikamwomba aache kamba kumi ndefu, macho manane, tuhesabu. Macho ya kwanza na ya pili karibu yote yametoa majani matupu, vichala vilitoka kuanzia la nne hivi kwenda juu. Mbegu nyengine kwengine zinaweza kuwa tofauti, lakini kwa zile pale mkasi mfupi ulikuwa unatupa zabibu chini kila mwaka hata mvua isingekuwepo. Hiyo ilimuuma kuliko ubwiri.

Septemba 2024 tulivuna kilo sabini na kitu kutoka miche 60, na miche kama 20 haikutoa kitu. Si biashara. Ami kapeleka kilo chache Chake Chake, nyengine zimeishia kwa watoto wa madrasa na majirani, na nyengine kwa popo. Kidike hapo si mbali, wale popo wakubwa hawapatikani pahala pengine duniani ila Pemba, miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno na watu wamewalinda wakarudi, kwa hiyo hapo huwezi kusema utawapiga. Wavu. Wavu wa kuvulia uliochakaa, uliovutwa mbali na vichala usiwagandishe mabawa, ulitosha kwa mistari miwili, mistari mengine wakala. Kunguru nao mchana. Mtu akija kuniuliza alime zabibu Pemba apate riziki nitamwambia alime pesheni.

Ile ya bondeni ami kaing'oa yote akarudisha mpunga, isipokuwa mmoja uliokuwa ukingoni, ambao zamani ulikwisha kupanda kwenye mfenesi mpaka juu kabisa, na mwezi ule wa sikukuu nilipouangalia kutoka chini majani yake ya juu, yaliyotoka nje ya ukungu, hayakuwa na baka hata moja. Alikuwa nao miaka miwili na hakuwahi kuinua kichwa. Haukatwi, hauna kalenda, unazaa unapotaka, na zabibu zake zote ni za popo.

Mwaka huu masika imechelewa kuondoka. Jana usiku kanipigia, mkasi keshaunoa, anataka kuanza Jumamosi. Nikamuuliza jani linakauka saa ngapi sasa hivi, akasema saa nne. Nikamwambia ami, ngoja wiki.